Modeli inasema jengo litaokoa umeme asilimia 32, nimpelekee mteja hivyo hivyo?

RamaniSafi ameandika:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua haya mambo, nimekaa nayo wiki mbili sasa na jumatatu natakiwa kukabidhi.

Nipo ofisi ndogo ya michoro hapa Kinondoni. Tuna mteja anajenga jengo la ofisi Mikocheni, ghorofa sita, kila floo kama skwea mita 450, jumla 2,700. Anaomba mkopo na benki wamemwambia alete kadirio la umeme atakaookoa akijenga kwa kufuata kanuni za nishati badala ya kujenga kawaida. Bosi akanipa mimi kwa sababu ndo niliyejifunza EnergyPlus kidogo, ile programu ya kukadiria umeme wa jengo kwenye kompyuta.

Nilichofanya ni hiki: nimechukua ASHRAE 90.1, kanuni ya nishati ya majengo ya Marekani, toleo la 2004, nikafuata ule utaratibu wao wa kiambatisho G, unajenga jengo la kulinganishia kwenye kompyuta lenye umbo lile lile na masaa yale yale ya kazi, alafu unajenga la kwako lilivyochorwa, zote unazipitisha kwenye hali ya hewa ya mwaka mzima ya Dar (nimetumia faili la uwanja wa ndege), tofauti ndo uliyookoa. La kwangu lina taa za LED wati 6 kwa skwea mita, AC za inveta, kioo chenye SHGC (sehemu ya joto la jua inayopita) ya 0.25, insulesheni kwenye paa na kuta zote. Masaa ya kazi nimeweka 2,800 kwa mwaka, eneo lenye AC asilimia 70.

Majibu: jengo la kulinganishia linakula yuniti 540,000 kwa mwaka, la kwetu 367,200. Pungufu 172,800, yaani asilimia 32. Nikazidisha kwa shilingi 292 za yuniti moja nikapata milioni 50 na ushee kwa mwaka kabla ya kodi. Bosi kafurahi, mteja kafurahi, ila mimi moyo unasita. Hiyo hela nikiandika kwenye karatasi ya benki ni mtu anakwenda kukopa juu yake. Nawauliza, hii namba ina ukweli?

Injinia_wa_Mwenge amejibu:

Mkuu hongera kwa kusita, wengi wanapeleka tu.

Kabla sijasema chochote, fungua faili la matokeo la lile jengo la kulinganishia, nenda kwenye jedwali la matumizi ya mwisho, angalia mstari wa kupasha joto. Usiangalie kupooza, angalia KUPASHA. Niambie umekuta ngapi.

RamaniSafi amejibu:

Duh. Yuniti 41,000. Kupasha joto Mikocheni??

Injinia_wa_Mwenge amejibu:

Ndo hapo. Hujakosea kubonyeza, ni utaratibu wenyewe ulivyo. Kwenye kiambatisho G mfumo wa AC wa jengo la kulinganishia hauchagui wewe, unapewa kulingana na ukubwa na idadi ya ghorofa. Ofisi ikizidi ghorofa tano unapewa mfumo mkubwa wa kati wa maji baridi, hewa inapoozwa juu inasambazwa na mabomba, na chumba kikizidi baridi kuna hita ya umeme kwenye boksi inapasha ile hewa tena. Kwao huo ndio mfumo wa kawaida kwa jengo la namna hiyo. Sasa niambie, jengo la ghorofa sita Mikocheni, mwenye nyumba wa kawaida angeweka hicho kitu? Angeweka splitu (AC ndogo ya chumba kimoja) kila chumba na feni kwenye korido basi. Kwa hiyo yuniti 41,000 umeziokoa kwa kutonunua mashine ambayo hakuna mtu aliyefikiria kuinunua.

Angalia na mstari wa feni, nina hakika ni mkubwa kwa sababu hiyo hiyo, ile mifumo inasukuma hewa kutwa nzima.

Taa sasa. Toleo la 2004 linaruhusu ofisi wati 10.8 kwa skwea mita. La 2010 likashuka 9.7, la 2013 8.8, la 2019 limefika 6.9. Hiyo ngazi ni historia ya taa kuwa bora, na mwishoni ni LED kuingia sokoni. Hapa kwetu leo ukienda Kariakoo kununua taa za ofisi utapata LED utake usitake, zile tyubu za zamani hata fundi mwenyewe anakushauri uachane nazo. Sasa ukilinganisha wati 6 zako na 10.8 unajipa sifa ya kitu ambacho soko limeshakifanya. Piga hesabu ya mkono: 2,700 mara 4.8 ni kilowati 12.96, mara masaa 2,800 ni yuniti 36,288. Alafu joto la taa lingeondolewa na AC, chukua COP (joto AC inayoondoa kwa kila yuniti ya umeme) ya 3 na eneo lenye AC asilimia 70, ongeza kama 8,500. Jumla karibu 44,700, zaidi ya robo ya akiba yako yote ni taa ambazo mteja angezifunga hata kama kanuni isingekuwepo duniani.

Sasa upande wa pili, na hapa watu wengi hawafiki. Kwenye kioo umejinyima. Lile jengo la kulinganishia la 2004 kwa ukanda wetu wa joto lenyewe lina kioo cha SHGC karibu 0.25, yaani kinaingiza robo tu ya joto la jua. La kwako pia 0.25. Kwa hiyo kioo kimekuokolea sifuri. Lakini jengo la kawaida la Dar lina kioo cha mm 5 kwenye aluminiamu ya kuslaidi, cheupe au chenye tinti hafifu, kioo cheupe kinapitisha kama 0.8. Hapo ndipo palipo na umeme wa kweli na modeli yako haionyeshi kabisa.

Kwa ufupi swali lako sio modeli, modeli inafanya ulichoiambia. Swali ni umelinganisha na nini. Unatakiwa ulinganishe na jengo ambalo huyu mteja, kwenye hicho kiwanja, na fundi wake huyo huyo, angelijenga kama wewe usingekuwepo. Tembea Mikocheni na Mwenge uangalie majengo kumi yaliyoisha miaka hii mitano, hesabu madirisha, angalia kioo, angalia AC zilizoning'inia nje, andika. Hiyo ndiyo kanuni yako ya kulinganishia.

FundiBaridi_Kkoo amejibu:

nachangia kidogo mimi ni fundi AC sio msomi sana wa modeli ila hilo la kuta kuwekwa insulesheni zote naomba muliangalie tena kwa sababu nimefunga AC kwenye majengo mengi hapa mjini na ukuta wa tofali sijawahi kuona ndo unaua AC, kinachoua ni dirisha la magharibi, paa la bati lisilo na kitu chini yake, na hewa inayovuja, yaani mlango unafunguliwa kila dakika na madirisha ya kuslaidi hayafungi vizuri unyevu unaingia, AC ya Dar sehemu kubwa ya kazi yake ni kukausha hewa. Uliza fundi yeyote maji yanayotoka kwenye ule mpira mwezi wa tatu na wa nne ndoo inajaa, hayo maji yote umeme ndo umeyatoa hewani. Ukiweka insulesheni ukutani unyevu haujaugusa

Injinia_wa_Mwenge amejibu:

Fundi kasema kitu kikubwa na hesabu inamuunga mkono. Nchi za baridi ndani 21 nje chini ya sifuri, tofauti ya digrii zaidi ya ishirini miezi kadhaa mfululizo, pale ukuta ndo kila kitu. Sisi ndani 24 nje 25 asubuhi mpaka 32 mchana. Chukua wastani wa tofauti digrii 4 wakati wa kazi, kuta mita za mraba 900, insulesheni ipunguze U (kipimo cha joto linalopita ukutani) kutoka 2.5 hadi 0.6: 900 mara 1.9 mara 4 ni wati 6,840, mara masaa 2,800 ni yuniti 19,000 za joto, gawa kwa COP ya 3 unabaki na kama 6,400 za umeme. Ukuta unaopigwa na jua utazidi hapo kidogo lakini picha ni hiyo. Na hata hao wenyewe, toleo la 2004 kwa ukanda wa joto kabisa ukuta mzito wa tofali halikuudai insulesheni.

Sasa linganisha na dirisha la magharibi peke yake. Tuseme una kioo mita 120 upande huo, jua linapiga wastani wa kilowati-saa 2.5 kwa mita kwa siku, kwa mwaka 109,500. Ukishusha kutoka 0.8 mpaka 0.4 tu, hata bila kioo cha bei mbaya, umezuia 43,800 za joto, ukigawa kwa 3 ni yuniti 14,600. Zaidi ya mara mbili ya kuta zote nne. Sisi tupo karibu digrii 7 kusini ya ikweta, jua la mchana linapita utosini, kaskazini na kusini kibaraza kifupi kinatosha kabisa, kazi ipo mashariki na magharibi ambako jua linakuja chini chini. Wazee waliojenga zile fleti za Upanga na majengo ya Mlimani chuo kikuu walilijua hili, tazama vile vibaraza virefu na kuta za matofali yenye matundu, upepo wa kaskazi na kusi unapita, jua linabaki nje. Mimi nikipita pale roho yangu inatulia, alafu nageuka naona jengo jipya kioo kitupu limeelekea magharibi.

Angalizo: usijumlishe akiba moja moja. Kivuli na kioo bora vinagombea joto lile lile. Lirun jengo zima likiwa na vyote, ndo upate namba.

MamaMita amejibu:

Jamani na mimi niseme, mimi nasimamia jengo Upanga, kazi yangu ni kusoma mita, kununua umeme, kugombana na wapangaji. Mwaka wa tisa huu.

RamaniSafi mdogo wangu, kwanza hiyo 292 uliyozidisha umeitoa wapi? Hiyo ni T1, bei ya watumiaji wadogo. Ukila zaidi ya yuniti 7,500 kwa mwezi unatoka T1 unaingia T2, na wewe modeli yako inakula zaidi ya 30,000 kwa mwezi. Kwa bei za EWURA za 2016, T2 yuniti ni 195, alafu unalipia kilele, yaani mzigo mkubwa kuliko wote wa mwezi, unaopimwa kwa kVA, kila kVA shilingi 15,004 kwa mwezi. Kwa hiyo yuniti 172,800 zako sio milioni 50 ni milioni 33.7, na ili upate iliyobaki lazima uonyeshe kilele kimeshuka kwa kVA ngapi. Kilele chetu kinapigwa saa nane mchana, wote wametoka kula, AC zote zinavuta kwa pamoja. Kwa hiyo dirisha la magharibi linakuadhibu mara mbili, kwenye yuniti na kwenye kVA. Hilo mwambie mteja, atalielewa haraka.

Ila kama kila mpangaji atakuwa na Luku yake basi ni 292, na kodi na tozo zikiingia ni 356, ile elfu kumi yuniti 28 tunayoijua wote. Lakini hapo anayeokoa ni mpangaji, mwenye jengo ndo kalipia kioo. Benki watauliza hela ya kurudisha mkopo inatoka wapi. Lazima ujue hili kabla hujaandika ripoti.

La pili ndo linaniuma zaidi. Nilikabidhiwa jengo langu na ripoti nzuri ina grafu, inasema jumapili matumizi karibu na sifuri. Nikaanza kuandika mita kila siku saa kumi na mbili asubuhi kwenye daftari. Siku ya kazi yuniti 900. Jumapili jengo limefungwa, hayupo mtu: 310. Theluthi ya siku ya kazi! Nikapanda floo kwa floo na mlinzi. Nikakuta AC ya chumba cha seva, sawa hiyo ni lazima. Lakini nikakuta splitu kumi na moja zimeachwa toka ijumaa, vyombo vya maji ya kunywa moto na baridi kila floo, pampu ya kisima inajizima na kujiwasha kwa sababu kuna tangi linavuja, taa za ngazi zote. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kanuni ya ujenzi ingekigusa. Na remoti ziko digrii 18, nyingine 16. Modeli ilisema 24.

Sisemi kanuni hazina maana, zina maana sana, jengo likijengwa vibaya mimi sina la kufanya miaka hamsini. Nasema usimwahidi mtu hela kwa kudhani watu watakaa kwenye 24.

Mchumi_Kijitonyama amejibu:

Uzi mzuri sana huu. Mimi nimeusoma upande wa takwimu, niongeze kwamba hili la modeli na mita kutofautiana limewasumbua hata wenye data nyingi. California waliweka kanuni zao za majengo 1978, na makadirio ya mwanzo yalikuwa nyumba mpya zingekula nishati pungufu sana. Mchumi Arik Levinson akaja kuangalia bili halisi, matokeo yake yakatoka 2016, akasema akishaweka sawa ukubwa wa nyumba, wanaoishi ndani na hali ya hewa, haoni ushahidi kwamba nyumba za baada ya kanuni zinakula umeme kidogo kuliko za kabla. Upande mwingine watafiti Jacobsen na Kotchen waliangalia nyumba za Gainesville kule Florida, zilizojengwa kabla na baada ya kanuni kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta umeme umeshuka asilimia 4 na gesi 6. Kwa hiyo akiba inaweza kuwepo, ila ni ya tarakimu moja kwa badiliko moja la kanuni, na inaonekana tu ukilinganisha majengo yanayofanana kweli.

Sababu mojawapo ni hii, jengo likiwa rahisi kupooza watu wanajiongezea ubaridi. Kwetu hiyo ina uzito zaidi kwa sababu wengi tunaanzia kwenye joto, sio kwenye AC. Ofisi iliyokuwa na feni tu ikipata jengo zuri na splitu, umeme utapanda, na wale watu watakuwa wamepata kazi bila jasho. Mimi naona hiyo ni faida halali, iandikwe kwenye ripoti kwa jina lake, isifichwe kwenye asilimia.

Na mkiwaza jiji zima mambo ni yale yale: skwea mita mpya zinazojengwa kwa mwaka, mara akiba ya kweli kwa skwea mita, mara sehemu yenye AC, mara sehemu iliyojengwa kama mchoro ulivyosema. Hiyo ya mwisho ndo inayoua. Afrika Kusini wana kanuni ya nishati ya majengo, SANS 10400-XA, toka 2011, India walianza na yao, ECBC, 2007, kanuni iliyoandikwa ni kitu kimoja, kioo kilichofungwa saiti ni kingine.

FundiBaridi_Kkoo amejibu:

kweli kabisa, kioo kilichoandikwa kwenye mchoro na kilichofika saiti nimeona mara nyingi sio kimoja, mteja anabanwa na hela mwishoni anakata kwenye kioo na AC, ndo vitu vya mwisho kununuliwa. Mkuu andika kabisa kwenye ripoti kwamba kioo kikibadilishwa hesabu inabadilika

RamaniSafi amejibu:

Wakuu asanteni sana, shikamoo dada MamaMita. Sikulala jana.

Nimezunguka Mikocheni na Mwenge jumamosi, nimehesabu majengo kumi na mawili. Yote aluminiamu ya kuslaidi, tisa kioo cheupe au tinti nyepesi, yote splitu, hakuna hata moja lenye mfumo wa kati. Nimejenga upya jengo la kulinganishia kwa hivyo. Nimetoa hita 41,000, feni za mfumo wa kati zimetoka 38,000, taa nimeweka LED wati 6 pande zote mbili kwa hiyo 44,700 zimeondoka, kioo cheupe kikaongeza 21,000. La kulinganishia limekuwa 437,300. La kwetu bado 367,200. Akiba 70,100, asilimia 16.

Kwa T2 hiyo ni milioni 13.7 ya yuniti, na kilele kimeshuka kVA 24, ambayo ni kama milioni 4.3 kwa mwaka. Milioni 18 kabla ya kodi. Kutoka 50.

Nimempigia bosi. Kanyamaza kidogo, alafu akauliza ile 16 inasimama? Nikamwambia inasimama mpaka mtu aguse kioo au remoti. Nimerun na remoti kwenye 22 na 20 pia, nitaweka zote tatu kwenye jedwali moja. Insulesheni ya ukuta nimeitoa, hela yake naihamishia kwenye vivuli vya magharibi, hiyo bado sijairun.

Swali la mwisho, benki wametaja pia cheti cha EDGE, kile cha majengo yanayookoa nishati na maji. Hii asilimia 16 si itatunyima? Najua wanataka 20.

Injinia_wa_Mwenge amejibu:

Wanataka 20 kwenye nishati, 20 kwenye maji na 20 kwenye vifaa vya ujenzi, lakini wana jengo lao la kulinganishia, utaingiza mradi kwenye programu yao, ni bure mtandaoni, unachagua nchi na mji. Namba itakayotoka pale haitakuwa 16 wala 32. Usiichanganye na hii. Weka kurasa mbili, moja ya cheti na moja ya hela, na kila moja iandikwe juu kabisa imelinganishwa na nini. Na run vivuli kwanza kabla hujakata tamaa, kwa magharibi ile nategemea utaongeza.

MamaMita amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kumpigia bosi.

Mwambie mteja aweke mita ndogo kila floo toka mwanzo, moja ya AC na moja ya mengine, wakati nyaya zinapita ni bei ndogo, baadae ni kubomoa. Mimi sina, ndo maana natembea na mlinzi. Daftari langu lina miaka minne ya kila siku, wiki hii nitaliingiza kwenye Excel nikutumie uangalie jumapili zako kama zinafanana na zangu.

RamaniSafi amejibu:

Jumapili zangu kwenye modeli ni yuniti 40. Nazibadilisha leo usiku pande zote mbili.